Kitanda Kilichobaki Maktabani

Kaka yangu,

Huku tu wazima, na paka wako kazaa tena. Ile ruzuku ndogo ya maktaba ya mtaa tumeipata, na chumba pekee kisichokuwa na mtu ni chako, basi tumeiweka humo. Rafu zimepigiliwa ukutani, ila kitanda chako bado kipo, na watoto wanajazana juu yake kusoma.

Jana mkaguzi wa wafadhili alisema kitanda kitoke, la sivyo vitabu vya awamu ya pili hatupewi. Nilidhani mama ndiye atakayegoma. Kumbe ni baba, yule yule aliyekufukuza.

"Kitanda hiki kina mwenyewe," akamwambia mkaguzi, kisha akainama kunyoosha shuka.

Vitabu tumevikosa. Ukija, njoo jioni. Mchana kitanda chako kimejaa wasomaji.

Mdogo wako