Mafuta ya Nazi kwenye Marimba

Mwanasha, nimefanya aibu. Aibu, shoga yangu!

Marimba ya kaka Ziro inakaa hapa kwangu, kwa kuwa kwake kunavuja. Jana nikaona mbao zimepauka, nikazipaka mafuta ya nazi kama ninavyopaka miiko yangu. Nikapaka mpaka zikang'aa!

Leo harusini Msambweni kaka akapiga. Ko. Ko. Kama mtu anabisha hodi! Mbao zimelowa mafuta, sauti hakuna.

Vijana wakacheka: "Babu, mikono imechoka, nenda kapumzike!"

Nami nilikuwa pale pale. Nikanyamaza. Mwanasha, nilinyamaza!

Tuliporudi akanipa magongo yake ya kupigia. "Dada, yafanye kuni haya. Wamesema kweli."

Ninayo mapajani. Navaa buibui, namrudishia sasa hivi, na nitamwambia ni mimi.