Mbuzi ya Kukunia Nazi

Salma, kipande cha moyo wangu,

Salaam nyingi kutoka Ghubra, huku Uarabuni. Sote wazima, alhamdulillah. Babu yako kapata miwani mipya, sasa anatusomea magazeti kwa sauti hata sisi tusiotaka.

Umeniuliza kama Marekani itapona, maana wenye nacho wamejifungia mageti, wengine wanalala garini, na jirani yako wa chini haitikii salamu tangu uchaguzi. Ya nchi mimi siyajui. Nnajua ya kichochoro chetu Unguja, zama za siasa, nilipokuwa mdogo. Jirani yetu Bi Kheri, mfua nguo, alikuwa chama chengine, basi hata kwenye misiba hatwendeani.

Siku moja mama akanambia, "Kaazime mbuzi ya kukunia nazi kwa Bi Kheri. Mwambie yetu imevunjika."

Nikaenda, nikapiga hodi. Bi Kheri akanitazama weee, kisha akanipa. "Mwambie mamako aniletee tui kidogo."

Tangu hapo wakawa wanaazimana. Baadaye, nikifagia chumbani kwa mama, nikaikuta mbuzi yetu mvunguni. Nzima.

Theluji ikianguka, mjukuu wangu, kaazime koleo la kuizolea kwa huyo jirani asoitikia salamu. Lako lifiche mvunguni.

Bibi yako anayekuombea