Spika Juu ya Kichwa cha Mke Wangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi pokea salamu tu. Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, niliishia darasa la saba, nakaa Mpemba na nauza viatu vya plastiki hapa Tunduma, naomba msaada kwa jambo ambalo nimelifanya mwenyewe na sasa sijui nalimalizaje.

Miaka mitatu nyuma majirani wote sokoni walikuwa na spika za kuitia wateja, na mimi nikanunua, nikarekodi sauti yangu, "Iseni, iseni, njooni jamani, viatu bei ya jumla," maana wateja wengi ni Wazambia na kwao iseni ndiyo njooni, nikaining'iniza juu ya kiti anachokaa mke wangu Ketrina, mimi nafuata mizigo kwa hiyo pale sikai, anakaa yeye asubuhi mpaka jioni, na jirani akiongeza sauti namwambia na yeye aongeze. Mwanzoni alilalamika kichwa, siku moja nikamkuta amejaza pamba masikioni, nikamwambia toa hiyo, wateja wataona unawadharau. Akatoa.

Basi mwaka jana akaanza kutonijibu, namwita yuko jikoni kimya, naongea naye anaosha vyombo kimya, televisheni anafungulia mpaka nyumba ya tatu wanasikia, nikasema huyu ameota kiburi kwa sababu anashika duka, nikaenda kwao Igamba kumshtaki. Wakaitisha kikao. Shemeji yangu Gwamaka akamuuliza kutoka kule pembeni alikokaa, "Dada, kwa nini mumeo akikuita huitiki?" Ketrina akatuangalia mmoja mmoja, akapiga magoti, akasema, "Nimekosa, mnisamehe." Tangu siku hiyo wifi zake wanamwita Mama Kiburi, hata kwaya ameacha.

Mwezi uliopita alienda msibani siku nne, nikakaa mimi chini ya ile spika. Siku ya nne nafunga duka masikio yanalia kama nyenje, mteja anaongea naona mdomo tu. Ketrina aliporudi nikamsogelea usoni nikamuuliza, wewe unasikia mlio masikioni?

"Mwaka wa tatu huu," akasema. "Nilijua ndiyo Tunduma ilivyo."

Nikamuuliza, sasa siku ya kikao ulisikia ulichoshtakiwa?

"Sikusikia. Ila niliona nyuso zenu."

Nataka kwenda Igamba kusema ukweli lakini aibu inanishika, na yeye anasema, "Acha, Baba Mercy, yameisha." Kuna mtu wa stendi ana dawa ya kudondoshea, anasema wiki mbili amepona. Nikimponya kimya kimya si itatosha?

Baba Mercy, Mpemba

JIBU

Baba Mercy, haitatosha. Na dawa ya stendi usimdondoshee, wala mafuta ya moto. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Ni kama nyasi: ukizikanyaga siku moja zinainuka, ukizikanyaga kila siku zinakufa, na hivi vya sikioni vikifa havioti tena. Wewe siku nne tu ulisikia nyenje. Yeye ana miaka mitatu.

Nakupa pole, lakini ya kwanza ni ya Ketrina. Pamba haizuii kelele vya kutosha, ila mtu akijiziba masikio mbele yako anakuambia kitu, na wewe ukamwambia atoe.

Kesho asubuhi shusha hiyo spika. Usiniambie jirani anayo! Ukishindwa kabisa kuuza bila hiyo, iweke mbali na mtu, igeuzie barabarani, punguza sauti, iwe inazimwa mara kwa mara, na anayekaa hapo avae vizibo vya masikio, waulize wanaouza vifaa vya kazi. Kipimo ni rahisi: ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo masikio yanaumia.

Halafu mpeleke hospitali kwa daktari wa masikio apimwe, huenda kuna kingine kinachotibika. Kilichoharibiwa na kelele hakitarudi, ila kilichobaki kitalindwa, na mwulize daktari kuhusu kifaa cha kusaidia kusikia. Na wewe upimwe.

Ukimaliza, nenda Igamba. Mashtaka uliyapeleka mchana kweupe, mbele ya watu, huwezi kuyafuta kimya kimya. Anasema yameisha kwa sababu amechoka. Mwombe Gwamaka aite watu walewale, wifi wote wawepo. Usikae pembeni. Kaa mbele ya mkeo, mdomo wako auone, sema polepole. Safari ile aliomba msamaha bila kujua kosa. Safari hii asikie kosa ni la nani. Ukishamwomba msamaha, nyamaza, umwachie nafasi ya kujibu.

Na asipojibu, usimwite mwenye kiburi.