Jalal, Hukuugua kwa Muda Mfupi

Ni mwaka mmoja sasa, Jalal Farah, tangu mashine yako ya kuchomelea inyamaze pale mtaani kwetu Free Area. Mwaka jana tuliandika gazetini kwamba uliugua kwa muda mfupi. Tulisema uongo. Uliugua miaka mitatu, na leo tunasahihisha kwa jina lako kamili.

Kwanza watu wajue ulikuwa nani. Nusu ya mageti ya mtaa wetu yana mkono wako. Mama mmoja alikulalamikia, "Boss, geti yangu inalia." Ukamjibu, "Hailii mathe, inaniita." Ukaenda na mafuta, ukarudi na ndizi alizokupa, ukampa binti yako Farhiya zote isipokuwa ile uliyoila njiani.

Kisha ukaanguka kutoka kwenye ngazi kule Kariandusi, ukiunga vyuma vya mnara wa tangi la maji, ukaumia mgongo. Ukapewa vidonge vya maumivu vya wiki mbili. Mgongo ukapona, wewe ukaendelea kuvinunua. Mwanzo ulimeza kwa sababu ya maumivu, baadaye kwa kuyaogopa tu. Halafu kabla ya kazi ngumu. Halafu kabla ya ugomvi. Ulimeza hata kabla ya harusi ya rafiki yako Weldon kule Rongai, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimesahau kufurahi chenyewe. Mwisho hapakuwa na raha yoyote. Ulimeza ili tu uwe kama sisi tunavyoamka bila kidonge.

Sisi tulikosea hapa. Ramadhani ilipofika ulifunga yote, hukuacha hata siku moja.

"Mbona mchana anaweza kukaa bila vidonge?" mjomba akasema. "Hana ugonjwa huyu, ana ukaidi."

Tukamwamini. Safari ya kukupeleka kliniki tukaiahirisha. Jioni moja, mkingoja adhana, ulimwambia mdogo wako Hanif, "Wewe unangoja tende, mimi nangoja kidonge. Tumbo ndilo limefunga. Kichwa hakijafunga hata dakika moja."

Hanif akacheka, akidhani ni mzaha wako wa kila siku.

Ulijaribu kuacha mara nne. Mara ya nne ulifika wiki saba, ukanenepa, ukamwekea mama dirisha la jikoni ulilomwahidi. Kisha siku moja ukarudia kipimo cha zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Hukuamka tena.

Juzi wazee wa ukoo walituambia, "Mambo ya ndani hayaanikwi." Tumewasikia kwa heshima, na tumeyaanika. Aliye na vidonge mfukoni asome hapa: nia yako haijaoza, imetekwa, na matusi hayajawahi kumkomboa mateka. Na anayeishi naye asingoje Ramadhani wala Kwaresima imthibitishie kitu. Ampeleke kwa daktari leo.

Hanif amekutungia ubeti huu:

Hatulii kwa aibu, jina lako twalitaja,
Aulizaye sababu, aje kwetu tunangoja,
Tutampa na jawabu, la kweli lisilo hoja:
Ulikuwa mtu wetu, na ungali mtu wetu.

Unakumbukwa na mama yako Kuluthum, ambaye kila asubuhi hufungua lile dirisha kabla ya kuwasha jiko, mkeo Sumeya, binti yako Farhiya, Weldon, uliyemfanya ndugu, na mdogo wako Hanif, aliyecheka siku ile, na ambaye sasa akiambiwa jambo kama lile huketi chini na kusikiliza.

Daima tutakukumbuka, wala si kwa kunong'ona.