Sura ya Sita kwa Sauti

Chumbani kwa mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa dada,

Pokea salamu zangu za upendo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Huku tunasukuma siku. Mama anakula vizuri, mguu bado mzito, na tangu apate kiharusi alikuwa hajatamka neno. Mimi mzima, ila nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenizoea.

Umeniuliza habari za shahada ya uzamili. Wewe ndiye uliyenisukuma, basi sikiliza. Zamu ya wodini ikiisha namwogesha mama, ndipo nafungua kompyuta nimtazame mhadhiri akiongea na majina yetu, maana kamera tumezima wote. Nikisoma ukurasa, haunikai kichwani.

Kilichonibeba ni wanawake wanne wa darasani, wauguzi kama mimi, ambao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Hakuna mwenye nafasi ya kukaa na kitabu, kwa hiyo tunagawana sura: kila mmoja anasoma yake kwa sauti, anajirekodi, anatutumia. Mimi husikiliza nikipiga pasi. Mmoja husoma huku anakaanga vitunguu, na akifika kwenye jambo lililowahi kumkuta kazini huacha kitabu akasimulia. Hapo ndipo ninapoelewa.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nikamwandikia mhadhiri kwamba najitoa, na kwa usingizi nilionao nikautuma ujumbe kwenye kundi letu. Nilitegemea watanibembeleza. Wala. Yule wa vitunguu akajibu: "Jitoe, shoga, una haki. Ila sura ya sita ni yako, na sisi tunaingojea."

Nilikasirika, dada. Nikakaa kando ya kitanda cha mama nikaisoma kwa hasira, ili tu wasije wakanisema. Karibu na mwisho koo likanikauka, nikanyamaza. Mama akanigeukia, akasema polepole: "Mbona umeacha?"

Nililia, sikufichi. Ujumbe wa kujitoa sijamtumia mhadhiri, na sura ya saba nimeshaisikiliza.

Nisalimie shemeji, watoto na mama mkwe wako. Mungu awape afya, na mimi anipe usingizi. Rekodi ya hiyo sura ya sita nimekutumia kwenye simu. Najua usimamizi wa wodi haukuhusu, lakini usirukeruke. Vumilia mpaka karibu na mwisho, umsikie mama.

Wako akupendaye, hoi lakini yupo,
mdogo wako.