Mvinyo wa Mama Neema Haukuharibika

Kok.

Ni glasi ikirudishwa mezani baada ya funda moja tu. Leo Alhamisi Iringa imeamka na ukungu, nimevaa sweta mbili, na sauti hiyo ya jana bado ninayo masikioni.

Mama Neema, mkulima wa zabibu, alisafiri kutoka Dodoma na chupa tatu za mvinyo mwekundu aliotengeneza mwenyewe, akitumaini hoteli yetu itaanza kuununua. Nilizipokea mimi, mhudumu wa vinywaji. Nikaziweka kwenye rafu ya vinywaji, ile iliyoegemea ukuta wa tanuri la mikate.

Nilijua ni kosa.

Mteja akiagiza kinywaji tunamuuliza, "Baridi au moto?" Msimu huu wa baridi wote wanataka moto, ndiyo maana ya rafu ile. Soda haidhuriki. Lakini chuoni nilijifunza kwamba mvinyo mwekundu ukipata joto, ukali wa pombe hupanda na kuifunika ladha ya zabibu. Niliwahi kulisema hilo, na Dada Atu, meneja wetu, akanicheka mbele ya jiko zima: "Haya, profesa wa chupa! Iringa hii nani anataka baridi?"

Tangu hapo nikanyamaza.

Jana nilimimina huku chupa ikiwa vuguvugu kiganjani. Dada Atu akaonja, akakunja uso. Mama Neema akaonja wa kwake. Kok.

"Nisameheni," akasema. "Nadhani nimeuharibu mwenyewe."

Akaenda kulala kwa ndugu yake, mtaa wa Mlandege. Chupa mbili zilizobaki hakutaka hata kuzibeba. Alijilaumu mbele yangu, nami nikaendelea kufuta meza.

Leo asubuhi nilitumbukiza chupa moja kwenye ndoo ya maji ya bomba, ambayo siku hizi yanakata vidole. Baada ya nusu saa nikammiminia Dada Atu. Akanywa. Akanywa tena.

"Huu umetoka wapi?"

"Ni ule ule wa jana, dada. Mimi ndiye niliyeupasha moto kwenye rafu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Nawe ungeendelea kusema!"

Nilimpigia Mama Neema kabla hajapanda basi, nikakiri yote. Akauliza, "Ndoo ya maji tu, mwanangu?" Akarudi. Sasa hivi yuko ofisini na Dada Atu, namsikia akicheka.

Mvinyo wote uliokuwa rafuni nimeuhamishia stoo ya nyuma, kusikofika jua wala tanuri. Sikuomba ruhusa.