Ada ya Chuo Ilishuka Nilipovaa Kofia

Leonidas, acha unachofanya usome. Watu wa chuo cha sheria wamenitoa nje ya ukumbi hapa Ngara. Mimi!

Nilimpeleka mjukuu wangu Ineza kuomba nafasi. Ofisa wao, mama mmoja aliyefunga tai shingoni, akataja ada, nikashtuka. Nikavaa kofia, nikamwambia Ineza, "Twende."

Unajua akasema nini? "Mzee, subiri. Tuna ufadhili, mtalipa nusu."

Nusu! Hakuuliza alama za mtoto wala kama ana wazazi. Nimevaa kofia tu, ada ikaanguka!

Nikamwambia, "Mama, huo si ufadhili. Mmepandisha bei ili mpate pa kushusha." Akacheka: "Babu, hapa si mnadani." Nikamjibu, "Mnadani tungeelewana mapema."

Sasa sikia. Kalista, yule mjane wa Nyamahanga, alikuwa meza ya pili na mwanawe Derick. Yeye alikubali ada nzima na akashukuru. Alishukuru, Leonidas! Kwa hiyo anayeona haya kubishana ndiye anayelipa zaidi.

Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Kalista, usitie sahihi! Ada ni nusu!"

Ukumbi mzima ukageuka. Ofisa akaninong'oneza, "Ukiendelea, mjukuu wako hapati nafasi."

Nikaendelea. Hatukusoma masomo ya jioni mimi na wewe ili nije kuogopa tai ya mtu.

Nilidhani Ineza atanilaumu. Kumbe amesimama mlangoni, kila mzazi anayeingia anamwambia, "Shikamoo, usikubali ada ya kwanza." Kalista yuko naye.

Wanasema wanaita mgambo. Namsubiri nimekaa.